Sanduku la Mwalimu: Wacaddo, watu walioipa Texas jina

Mwezi uliopita, nikijibu swali kuhusu asili ya majina ya mahali, niliandika mistari miwili tu: kwamba Texas ni neno la Wacaddo, wenyeji asilia wa Marekani, na maana yake ni rafiki. Sikutarajia mistari miwili iniletee bahasha nyingi hivi. Nimezisoma zote hapa nyumbani Kisumu, nyingine mara mbili, na mwezi huu nimewaachia Wacaddo ukurasa mzima. Nilifundisha historia miaka thelathini na moja na watu hawa hawakuwahi kutokea katika silabasi yetu hata kwa jina. Mimi nilikutana nao kupitia chungu.

*Mwalimu, kijana wangu anaendesha lori huko Dallas. Nilimsomea kwa simu ulichoandika, akasema ameishi huko miaka sita na hajasikia watu wa jina hilo. Kweli walikuwako? — Baba Kiprono, Njoro, Nakuru*

Walikuwako, Baba Kiprono, na wako. Mwambie kijana siku akipumzika ashike barabara ya kwenda mashariki, mwendo wa saa mbili tatu, mpaka karibu na mji mdogo unaoitwa Alto. Ataona vilima vitatu vimesimama kwenye uwanda wa nyasi. Si vilima vya Mungu. Udongo wake ulibebwa na watu, mzigo baada ya mzigo, na makao hayo yalianza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kilima kimoja kilikuwa cha kuzikia wakubwa, na juu ya vingine yalisimama majengo ya ibada na ya uongozi. Leo ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo, kwa hiyo hatafukuzwa na mtu.

Nchi yao ilikuwa pale majimbo manne ya leo yanapopakana: mashariki ya Texas, kaskazini magharibi ya Louisiana, kusini magharibi ya Arkansas na kusini mashariki ya Oklahoma. Walikuwa wakulima hasa: mahindi, maharagwe, maboga, alizeti. Walichemsha maji ya chemchemi za chumvi wakapata chumvi ya kuuza, na mti mmoja mgumu wa kwao, ambao Wafaransa waliuita bois d'arc, ulitafutwa na makabila ya mbali kwa sababu ulitoa pinde zisizovunjika ovyo. Walikaa katika mashirikisho makubwa matatu, Hasinai, Kadohadacho na Natchitoches. Kwao *caddi* ni chifu. Wafaransa walilikata jina Kadohadacho, likabaki Caddo, na jina hilo likawafunika wote.

Wahispania nao, walipofika kwa Wahasinai mwishoni mwa karne ya 17, walikuwa wakisikia neno *taysha*, yaani rafiki, mtu wa upande wetu. Wakaliandika Tejas, na mwaka 1690 wakajenga huko misheni waliyoiita San Francisco de los Tejas. Mwaka 1930 bunge la Texas likalifanya neno Urafiki kuwa kaulimbiu ya jimbo. Wakati huo Wacaddo walikuwa wameshatolewa Texas kwa miaka 71, na ndiyo maana kijana wako hajakutana nao. Makao makuu ya taifa lao sasa yako Binger, Oklahoma.

*Mwalimu, mimi ni muuza vyungu soko la Kibuye. Mteja aliniambia chungu cha hao Wacaddo kiliwahi kuwekwa ofisini mwa Obama. Nilidhani ananipiga porojo. — Mama Atieno, Kisumu*

Hakukupiga porojo, Mama Atieno, na swali lako ndilo nililolingoja.

Unakumbuka tulivyokuwa mwaka 2009. Leso zilikuwa na sura ya Obama, kalenda pia, na barabara ya kwenda Kogelo, kijijini kwa baba yake, haikupumzika magari. Mwaka huo Michelle Obama alipokuwa akichagua kazi za sanaa za kupamba Ikulu yao, kilichaguliwa chungu cha mama mmoja Mcaddo, Jeri Redcorn, kutoka hazina ya makumbusho ya taifa ya wenyeji asilia wa Marekani. Kikawekwa katika ofisi ya rais. Watu wengine walipoitazama picha ya ofisi ile walimtazama mtoto wetu. Mimi macho yalinikwama rafuni.

Sababu ni hii. Mama yangu alikuwa mfinyanzi upande wa Kendu Bay. Hakuujua ufinyanzi alipoolewa. Aliufundishwa na mama mkwe wake, kama ilivyokuwa desturi kwa wengi wetu Waluo, anayeolewa nyumba ya wafinyanzi anaketishwa chini na kupewa udongo. Ninacho kimoja tu cha vyungu vyake, kina ufa ubavuni, nakiwekea maharagwe. Kwenye shingo kuna alama za kamba iliyosokotwa, ile inayobingirishwa juu ya udongo ukiwa bado mbichi. Kwa wenzake mistari inalalia upande mmoja. Kwa mama inalalia upande wa pili, kwa kuwa alikuwa wa mkono wa shoto. Nikipitisha kidole hapo namjua, hata taa ikiwa imezimwa.

Sasa sikia habari ya Redcorn. Mwaka 1991 aliingia katika jumba la makumbusho mjini Idabel, Oklahoma, akakuta kabati zima la vyungu vya kale. Akaambiwa ni vya wahenga wake. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa katika ngoma na nyimbo za Wacaddo, na hakuwa amejua kwamba watu wake walitengeneza vitu kama vile. Katika jamii yake hakukuwa na mtu aliyebaki akifinyanga kwa namna ile. Hakuwa na mama mkwe wa kumketisha chini. Ikambidi ajifunze kwa kuvikodolea macho vyungu vyenyewe na kwa kuuliza wataalamu wanaochimba mambo ya kale, akiharibu na kuanza upya, mpaka udongo ukamkubali.

Wewe unayevishika vyungu kila siku utaielewa kazi yenyewe. Hakuna gurudumu. Udongo unachanganywa na vigae au mifupa au makombe yaliyopondwa, ili usipasuke motoni. Unaviringishwa kama nyoka, unapandishwa duara juu ya duara, unapapaswa mpaka viungo vipotee. Kikishakauka kinasuguliwa kwa jiwe laini, na hapa ndipo wanapotushinda: wanasugua mpaka uso wa chungu unang'aa kama umepakwa mafuta. Halafu wanachora kwa ncha kali, wakikwaruza ule uso uliong'arishwa. Mistari inazunguka na kujikunja, inaingiliana kama mawimbi yanayofukuzana, na mingine imejaa vistari vidogo vilivyopishana. Mwisho wanasugua udongo mwekundu au mweupe ndani ya mikwaruzo, na mchoro unatokeza juu ya weusi wa chungu. Chungu kilichokaa ofisini mwa Obama kina hiyo mikunjo inayoingiliana.

Nikuombe jambo. Wale kina mama wanaokuletea mzigo kutoka Oriang', waulize nani aliwafundisha, uandike majina. Uniletee siku nikipita Kibuye.

*Mwalimu, hao watu walikaa kwenye mahema ya ngozi kama tunavyoona kwenye filamu? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega*

Hapana, mwanangu. Mahema ya ngozi ni ya wawindaji wa nyati waliohamahama kwenye nyanda za magharibi. Wacaddo walikuwa na mashamba, na mwenye shamba hujenga. Nyumba yao waliiita *koo hoot kiwat*, nyumba ya nyasi, na bibi yako angeitambua upesi, ila yao haikuwa na ukuta wa udongo chini na paa juu. Nyasi zilianza ardhini na kupanda moja kwa moja hadi kileleni, umbo la mzinga wa nyuki.

Padri mmoja Mhispania, Isidro Espinosa, aliyekaa kwa Wahasinai mwanzoni mwa karne ya 18, aliandika jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa, nami naipenda sana habari yake kwa sababu ni *saga* yetu kabisa, ule utaratibu wa kijiji kizima kumlimia au kumjengea mmoja. Mwenye haja anaenda kwa caddi, caddi anapanga siku. Wasaidizi wake, walioitwa *tamma*, wanapita nyumba hadi nyumba wakigawa kazi, na kila mtu anajua mti wake ni upi na utachimbiwa wapi. Alfajiri ya siku yenyewe miti inafika, inasimamishwa kwa duara. Katikati kuna gogo lenye vidato, mtu mmoja amepanda juu kabisa, anavivuta vichwa vya miti na kuvifunga pamoja. Wanawake wanaleta nyasi mafungu kwa mafungu. Anayechelewa anakutana na tamma njiani akiwa na fimbo, anachapwa kidogo, na hakuna anayenuna. Jua likiwa bado liko juu nyumba imeshaezekwa, gogo la katikati linakatwa na kutolewa, na mwenye nyumba anawalisha watu wote aliokuwa amewawekea chakula siku nyingi kabla.

Moto wa nyumba mpya ulitoka kwenye moto wa hekalu, ambao haukuruhusiwa kuzimika. Uliwaka kwa magogo manne makubwa, kila moja limeelekezwa upande wake wa dunia, na mlinzi wake alikuwa kuhani mkuu, *xinesi*.

Mwaka 2016 Wacaddo walijenga nyumba kama hiyo pale Alto. Tarehe 13 Aprili 2019, siku wageni walipokuwa wamekusanyika hapo kusherehekea utamaduni wa Wacaddo, kimbunga kilipita. Mtu mmoja alifariki, wengi wakaumia, na nyumba ile ya nyasi ikaenda.

*Kwa nini waliondoka kama nchi ilikuwa yao? Waliuza? — Mkulima, Naivasha*

Unauliza ukiwa umesimama mahali panapojua jibu. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliana sahihi na Waingereza, wakatolewa Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikiwamo, na mkataba ukasema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaja mwingine na wale waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena. Shika hilo kichwani, kisha soma mkataba wa Wacaddo.

Kwanza magonjwa yalikuwa yamewamaliza. Tangu kundi la Hernando de Soto lilipopita nchini mwao miaka ya 1541 na 1542, ndui na magonjwa mengine ya ng'ambo yalirudi tena na tena, na vijiji vizima vikaachwa. Kisha kulikuwa na mto Red, uliopita nchini mwao. Kwa karne nyingi mto huo ulikuwa umezibwa na magogo yaliyosongamana kwa zaidi ya kilomita 150. Watu wa Kisumu wanaojua gugumaji linavyoifungia mashua ndani ya Ghuba ya Winam watapata picha, ila hapo weka miti mizima badala ya majani. Msongamano huo uliwazuilia Wazungu njia. Mwaka 1833 Kapteni Henry Shreve alianza kuuvunja kwa meli za mvuke, na ardhi ya pembeni ikapanda thamani mbele ya macho ya watu.

Tarehe 1 Julai 1835 Wacaddo wakatia alama kwenye mkataba. Waliachia takriban ekari milioni moja kwa dola 80,000: bidhaa na farasi za dola 30,000, na zilizobaki kwa mafungu ya dola 10,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Kokotoa mwenyewe, ni senti nane kwa ekari. Na kuna sharti lililonifanya niiweke chini karatasi nitembee kidogo uani: wahame kwa gharama yao wenyewe, ndani ya mwaka mmoja, watoke nje ya mipaka ya Marekani na wasirudi kuishi humo kamwe. Juu ya ardhi waliyoiacha ukamea mji wa Shreveport, wenye jina la yule kapteni.

Walikimbilia kwa ndugu zao Texas, iliyokuwa bado nje ya Marekani wakati huo. Hatimaye wakawekwa katika eneo la akiba, yaani ardhi waliyotengewa wenyeji asilia, kwenye mto Brazos, wakalima vizuri, lakini walowezi hawakuwataka. Desemba 1858 kundi la walowezi liliwavamia Wacaddo na ndugu zao Waanadarko waliokuwa wamelala kambini, likaua saba, na hakuna aliyehukumiwa. Agosti 1859 ofisa wa serikali, Robert Neighbors, aliwaongoza watu zaidi ya elfu moja, Wacaddo na majirani zao, kuvuka mto Red hadi bonde la Washita, katika Oklahoma ya leo. Aliwafikisha salama. Aliporudi Texas, tarehe 14 Septemba, alipigwa risasi mgongoni kwa kosa la kuwatetea.

Hata huko Oklahoma ardhi yao ya pamoja ilikatwakatwa mwaka 1901, ekari 160 kwa kila mtu, na iliyobaki ikafunguliwa kwa walowezi. Kwa hiyo ndugu mkulima, neno kuuza mimi silitumii.

*Mwalimu, walichonga mawe? — Mchongaji, Tabaka, Kisii*

Walichonga, na wewe ungekaa mbele ya kazi zao siku nzima. Huko Spiro, Oklahoma, kuna vilima ambavyo Wacaddo na Wawichita, wote wawili, huvihesabu kuwa vya wahenga wao. Ndani ya kimoja kulikuwa na viko vya jiwe vyenye umbo la watu walioketi, mabamba ya shaba yaliyofuliwa, vitambaa, na makombe makubwa ya bahari yaliyochorwa wachezaji na mashujaa. Jiwe la baadhi ya viko lilitoka Missouri, na makombe yalitoka Ghuba ya Meksiko, kwa miguu na kwa mitumbwi.

Kati ya 1933 na 1935 watu kadhaa walikodi ardhi hiyo, wakajiita kampuni ya uchimbaji, wakaitoboa kama shimo la dhahabu. Vitu viliuzwa papo hapo, vitambaa na mifupa ya wafu ikakanyagwa, na kazi ikaishia kwa baruti. Oklahoma ilitunga sheria ya kulinda mambo ya kale mwaka 1935, wakati mengi yalikuwa yameshatawanyika katika makumbusho na nyumba za matajiri. Sheria ya taifa zima ya kurudisha mabaki ya wafu kwa wenyewe ilikuja mwaka 1990.

*Sisi Waluo tuna Got Ramogi, kilima cha asili yetu. Wao wanasema walitoka wapi? — Msomaji, Usenge*

Chini ya ardhi, gizani. Kiongozi wao aliitwa Neesh, yaani Mwezi. Mzee mmoja alitangulia kupanda kwenye mdomo wa pango, mkono mmoja ameshika moto na kiko, mkono wa pili ngoma. Nyuma yake mkewe na mbegu za mahindi na za maboga. Watu na wanyama wakafuata, mpaka njia ikafungwa wengine wakiwa bado wako ndani. Waliotoka wakakaa chini wakawalilia waliobaki, na mahali hapo pakaitwa Chahkanina, mahali pa kilio. Nimewasimulia wajukuu hadithi hii mara nyingi, na kila mara wanauliza kuhusu wale waliobaki.

*Mwalimu, mimi hufundisha shule ya msingi Mfangano. Bibi yangu anasema Kisuba, watoto wangu wanasema Kijaluo tu. Wacaddo wamefanyaje na lugha yao? — Mwalimu mwenzako*

Mwenzangu, nitakuambia bila kuficha. Watoto wa Kicaddo walipelekwa shule za bweni ambako lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Mwaka 2025 alifariki Edmond Johnson, mzee aliyekuwa wa mwisho kuizungumza kama lugha ya utotoni.

Lakini kuna akiba. Tangu miaka ya 1960 mwanaisimu Wallace Chafe aliketi na mama mmoja Mcaddo, Sadie Bedoka Weller, akamrekodi, na sarufi iliyotokana na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2018. Watu wa Binger wanajifunza kutokana na sauti hizo.

Na kuna ngoma ya bata mzinga. Husimuliwa kwamba mwindaji alisikia uimbaji porini, akanyemelea, akakuta bata mzinga majike wakicheza kwa kuzunguka. Ngoma ni ya wanawake. Wanaume huketi kwenye ngoma katikati na kuimba, wanawake huwazunguka kwa hatua fupi, wengine wakiwa na kipambo cha nywele chenye tepe za rangi zinazoning'inia hadi karibu na visigino. Nyimbo zinasimulia vita na ushindi wa zamani, na baadhi ya maneno ni ya lahaja ambazo zilishaacha kusemwa. Mwishoni wanawake huchagua wanaume wa kucheza nao. Lazima imalizike kabla jua halijazama, kwa sababu wakati huo bata mzinga hupanda mitini kulala.

Redio ya kisiwani kwenu, Ekialo Kiona, hutangaza kwa Kisuba, kwa hiyo hauko peke yako. Jumamosi hii chukua simu yako, nenda kwa bibi, washa kinasa sauti. Usimwambie aseme lugha; mwulize majina ya pepo zinazovuma ziwani, upi unawarudisha wavuvi na upi unawazuia, na mwache aongee hadi achoke. Ukimaliza niandikie majina hayo, na mwezi ujao yatachapwa hapa kama alivyoyatamka yeye.